Mwaka wa tano na kifaa cha kurekodi kifafa ndani ya fuvu langu. Niulizeni

#1 KumbukumbuFupi

Wakuu, habari za jioni. Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, kuandika siandiki. Kilichonitoa mafichoni ni jamaa wa juzi aliyesema mdogo wake "anaanguka mara moja moja tu". Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Miaka ishirini na kitu nawaambia madaktari "mara moja moja", mpaka nilipowekewa mashine inayohesabu ndipo nikajua kwamba katika kesi hii shahidi mbovu kuliko wote ni mimi mwenyewe.

Nimezaliwa Muheza. Nilianguka mara ya kwanza darasa la sita, nikaenda chini na dawati. Povu lilipoanza kutoka darasa zima lilitimua mbio na mwalimu akiwa wa mbele, kwa sababu kila mtu alikuwa anaamini ukiguswa na povu la mwenye kifafa nawe umekipata. Si kweli, nalisema mapema tusije tukalirudia ukurasa wa tatu. Bibi alinizungusha kote mnakokujua: kombe, mafusho, hirizi mkono wa kushoto. Baadaye hospitali ya misheni wakanipa fenobabitoni. Kuanguka kulipungua, ila nikawa mtoto wa kusinzia darasani. Nilipokuwa mkubwa dada akanivuta Marekani, jimbo la Ohio, nikapata kazi ya ghala. Huko nikapitia dawa za Tegretol, kisha lamotrijini, kisha Keppra, mwisho mbili kwa pamoja.

Sasa muelewe, mimi nina mambo mawili. Kuna KUANGUKA, hilo kila mtu analiona. Na kuna KUPOTEA: nakodoa macho, natafunatafuna mate, mkono unashikashika kifungo cha shati, dakika moja au mbili, halafu narudi. Nikirudi sijui kama niliondoka. Hapo ndipo penye kisa chote.

Dawa mbili zikishindwa, tena dawa sahihi kwa dozi sahihi, madaktari wanakuita sugu. Nikalazwa wodi ya uchunguzi siku nane, kichwa kimejaa gundi na nyaya, kamera inanitazama hata nikila, dawa zinapunguzwa makusudi ili nianguke mbele yao. Nikaanguka vizuri tu. Wakagundua cheche, yaani umeme wa ubongo unaolipuka ovyo, zinatoka pande zote mbili, ndani kabisa usawa wa masikio, kwenye hipokampasi, ambako ubongo hutengenezea kumbukumbu mpya. Upande mmoja ukiwa mbovu wanaweza kuukata. Wakikata pande zote mbili, mtu anabaki hawezi kushika jambo la asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo kisu hapana.

Wakanipa RNS, ndicho hiki kifaa cha kurekodi na kutuliza cheche. Iliruhusiwa Marekani Novemba 2013 kwa watu wazima wa miaka 18 kwenda juu ambao kifafa chao kinaanzia sehemu moja au mbili zinazojulikana na dawa zimeshindwa. Ni kijisanduku cha sentimita 6 hivi kwa urefu, unene haufiki sentimita moja. Wanatoa kipande cha mfupa wa fuvu, wanalaza kijisanduku palepale, ngozi inafunikwa juu. Kutoka hapo zinashuka nyaya mbili nyembamba, kila moja ina elektrodi nne, vidoti vya chuma vya kusikilizia umeme. Zangu moja kulia, moja kushoto. Kinasikiliza umeme wa ubongo usiku na mchana, kikiona mchoro kilichofundishwa kuutambua kinarusha shoti ndogo ya sehemu ya sekunde, kabla cheche haijawa moto. Sisikii chochote. Ukijumlisha shoti zote za siku nzima, mara nyingi hazifiki dakika sita.

Lakini leo sikuja kuongelea shoti. Nimekuja kuongelea rekodi.

Kumbukumbu ya kifaa chenyewe ni ndogo. Kinahesabu kila kitu, lakini michoro yenyewe kinabakiza dakika chache tu, mpya inafuta ya zamani. Kwa hiyo kila usiku kabla ya kulala nashika kifimbo kilichounganishwa na laptopu, nakiweka juu ya kichwa, kinanyonya data. Mara moja kwa wiki naipakia kwenye intaneti, daktari anaiona. Na nina sumaku. Nikihisi ile dalili yangu (harufu ya mpira unaoungua, msiniulize kwa nini mpira) napitisha sumaku kichwani, kifaa kinaelewa "hapa hifadhi". Kama sina habari, dada ananipitishia.

Miezi mitatu ya kwanza nikaenda kliniki na daftari langu. Nimepotea mara 11, tarehe zote nimeandika, najiona mgonjwa bora. Daktari akageuza skrini. Cheche ndogo ndogo ni mamia kwa siku, hizo akasema tusihangaike nazo. Ila zile ndefu, zenye sura ileile ya kupotea kwangu kule wodini: 47. Zaidi ya nusu kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri, mimi niko kitandani. Nyingine mchana kweupe, nikiwa kazini, na hakuna aliyeniambia kitu.

Jambo lililoniuma ni hili. Mkobani nilikuwa na fomu ya kurudishiwa leseni ya udereva. Kule kila jimbo lina masharti yake kwa mwenye kupotewa na fahamu, nami kwa daftari langu, ambalo halikuwa na hata moja ya njiani, nilijiona nakaribia kuruhusiwa. Nikamuomba daktari anionyeshe saa. Zilikuwemo tatu za saa moja na dakika kadhaa asubuhi, siku za kazi. Saa hiyo nakuwa kwenye gari la jirani, kiti cha abiria, tunapiga soga. Jirani anasema aliona nimenyamaza, akadhani nina usingizi.

Fomu ile niliichana pale pale. Hakuna aliyeniambia niichane.

Haya, niulizeni.

#2 Chumvi Mbili

Mkuu pole sana. Ila mimi nina neno. Kwa hiyo kila wiki unawapelekea wazungu ubongo wako kwa intaneti na wewe umetulia? Si wanasoma mawazo hao?

#3 mtazamaji_tu

Nafuatilia.

#4 KumbukumbuFupi

Chumvi Mbili, elektrodi nane kwenye ubongo ni kama kuweka masikio manane kwenye kuta za uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga. Utajua goli limeingia. Utajua ngumi zimeanza. Alichosema mtu wa safu ya 14 kumwambia mwenzake hutakijua. Mawazo yangu hayamo.

Lakini swali lako lina nusu ya ukweli na sitaki kulipuuza. Kimo ndani humo kitu ambacho bima angekipenda, mwajiri angekipenda, na hakimu angekipenda siku nikigonga mtu: saa na dakika ambazo sikuwepo. Nilitia saini karatasi nyingi kabla ya upasuaji, na ukurasa niliousoma mara mbili ni ule wa nani anaruhusiwa kuona. Kinachonikera zaidi ni kwamba mimi mwenye kichwa ndiye ninayeona kidogo kuliko wote. Michoro anaiona daktari. Mimi naonyeshwa nikienda kliniki.

#5 Mama Vero

Kaka yangu, Mungu azidi kukulinda. Mimi niko Mwanza, nina mtoto wa kiume wa miaka 9, mdogo wake Vero. Yeye haanguki, anakodoa tu, sekunde chache, anaendelea na alichokuwa anafanya. Shule wanasema ni mzembe, hasikilizi. Ana dawa ya Tegretol mwaka wa pili na naona hali inazidi. Naomba unisaidie, hicho kifaa ni shilingi ngapi, na kama Muhimbili wanaweka nianze kuchangisha kwa ndugu.

#6 KumbukumbuFupi

Mama Vero, shikamoo kama unanizidi, na kama tunalingana basi salamu zipokee. Usichangishe. Hicho kifaa kimeruhusiwa kwa watu wazima, ni upasuaji wa kichwa, na bei yake hata huku mtu halipi mfukoni, ni vita na bima miezi kwa miezi. Mimi barua ya kwanza ya bima ilikuwa ya kukataa. Hata ningekuwa na fedha ya kukupa, ningekuambia hapo siyo mahali pa kuanzia.

Shirika la Afya Duniani linasema wenye kifafa ni watu milioni 50 hivi duniani, na mpaka 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kabisa kama wangepimwa vizuri na kupata dawa inayofaa. Mimi niko kwenye wale waliobaki. Mwanao bado hujajua yuko wapi.

Una simu yenye kamera? Akikodoa, rekodi. Macho, mdomo, mikono, na umwite jina ili daktari asikie kama anaitika. Andika saa. Video tatu zitamsaidia daktari kuliko maelezo yangu ya miaka ishirini. Na dawa usiikatishe ghafla hata kama unaona haifai, subiri wakubadilishie wao.

#7 Nesi wa Zamu

Naunga mkono hapo juu. Mama Vero, nenda na hiyo video kwa daktari wa watoto anayeshughulika na kifafa. Vifafa viko vya aina nyingi, dawa inayotuliza aina moja inaweza kuchochea nyingine, na hiyo aliyopewa ni mojawapo ya zenye tabia hiyo kwa baadhi ya watoto wa kukodoa. Sisemi ndivyo ilivyo kwa mwanao, sijamwona. Nasema uliza swali hilo hasa.

Kwa mwenye uzi: hilo la kurekodi muda mrefu watu hawalijui uzito wake. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 82 wenye RNS ya kwenu hiyo, waliowekewa pande zote mbili. Kati yao 16 walidhaniwa kifafa chao kinatoka upande mmoja tu. Kifaa kikaonyesha 7 katika hao 16 wanatoa pande zote. Na wastani wa kusubiri mpaka upande wa pili ujitokeze ulikuwa siku 41 na ushee. Sasa piga hesabu, wodini mtu analazwa wiki moja.

#8 KumbukumbuFupi

Nesi, umenikumbusha. Mimi wodini kati ya matukio matano manne yalitoka kushoto, moja kulia. Kumbe kwa miezi kifaa kinasema kulia ndiko kunakoongoza. Wangenikata kushoto kwa kuamini ile wiki moja ningekuwa nimelipa kichwa na deni libaki palepale.

#9 Ngalawa

Salamu kutoka Kilifi ndugu yangu. Mie nataka kuuliza la mwezi. Kwetu wazee hushika kwamba mwezi ukiandama mwenye kifafa achungwe, asipewe kisu wala asiende kisimani. Shangazi yangu alikuwa hivyo, na wallahi tulikuwa tukihesabu siku na zinakuja. Daktari kijana akatucheka. Hicho chombo chako chasema nini?

#10 KumbukumbuFupi

Ngalawa, hili nimelingoja! Bibi yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Mwezi mwandamo nalazwa mkekani chini, kitanda marufuku.

Mwaka 2018 watafiti walichukua rekodi za RNS za watu 37, wengine za miaka hadi kumi, wakatazama zile cheche ndogo ndogo ambazo mimi niliambiwa nisihangaike nazo. Wakakuta zinapanda na kushuka kama maji ya bahari. Kuna mzunguko wa siku, saa ishirini na nne. Na juu yake kuna mwingine mrefu, wa siku kadhaa mpaka wiki kadhaa, na kwa wengi unaangukia siku 20 hadi 30. Wanawake kwa wanaume, kwa hiyo si mambo ya hedhi peke yake. Kuanguka kunatokea zaidi maji yanapokuwa yanajaa, yanapokaribia ukingo.

Ila usimwendee daktari yule na shangwe bado. Kila mtu na mzunguko wake. Wangu una siku 26 hivi. Mwezi wa juu angani una 29 na nusu. Tukianza pamoja mwezi huu, baada ya miezi minne tumeachana kwa wiki mbili, mimi naanguka mbalamwezi inawaka. Bibi alikuwa sahihi kwamba kuna kalenda. Alikosea kalenda ya nani.

Na shangazi yako, kama mliandika zile siku popote, hata ukutani kwa mkaa, nazihitaji kuziona.

#11 Ngalawa

Zilikuwa kwenye Korani ya babu, nyuma ya jalada. Alama za kalamu. Nitauliza kama ipo.

#12 Chumvi Mbili

Narudi. Mkuu hilo la kalenda limenikalisha. Lakini hujajibu la msingi. Kampuni ikifilisika kesho, umebaki na chuma kichwani hakuna wa kukisoma, inakuwaje?

#13 KumbukumbuFupi

Umegusa mahali penyewe. Ilishatokea, Australia. Melbourne, kuanzia 2010, watu 15 waliwekewa kifaa cha kampuni ya NeuroVista. Hicho hakikurusha shoti, kazi yake ilikuwa kusikiliza na kubashiri. Elektrodi juu ya ubongo, waya unashuka mpaka kifuani, na mkononi unashika kidude chenye taa: bluu ni hatari ndogo; nyeupe ni ya kati; nyekundu ni kubwa, kaa chini, kunywa dawa, toka jikoni. Matokeo yalichapishwa 2013 na kwa baadhi yao kilifanya kazi vizuri mno. Humo humo ilionekana kwamba hesabu za mgonjwa na hesabu za mashine haziendani hata kidogo, kwa hiyo siko peke yangu na daftari langu la uongo.

Halafu fedha zikaisha. Wakaambiwa vitolewe. Kuna mwanamke mmoja, kwenye maandiko ya wataalamu wa maadili anaitwa Mgonjwa wa 6, alikataa. Yeye na mumewe walitaka kuweka nyumba rehani wakinunue. Haikuwezekana. Alikuwa wa mwisho kutolewa. Miaka baadaye alikuwa bado anakililia kama mtu aliyefiwa, kwa sababu kilishakuwa sehemu yake, si kifaa tena.

Kisa hicho nilikisoma usiku baada ya upasuaji wangu, ningekisoma kabla ningeuliza maswali mengine. Nilichokuja kuambiwa ni kwamba RNS haihitaji intaneti ili irushe shoti, kazi hiyo inaifanya yenyewe humo ndani. Kinachokufa kwanza ni kusomwa. Halafu betri. Yangu nimeambiwa nitarajie kama miaka 8, ikiisha wanafungua ngozi wanabadilisha sanduku, nyaya zinabaki. Nani atakuwepo kubadilisha, hilo sijapata mtu wa kuniapia.

#14 Abuu Z.

Akhi, samahani kwa swali dogo. Kusujudu? Na kinyozi? Na uwanja wa ndege?

#15 KumbukumbuFupi

Swali dogo, lakini ndilo lililonikosesha usingizi wiki za kwanza. Niliswali kwa kiti mpaka kidonda kilipopona. Kifaa kiko pembeni juu ya sikio, paji la uso liko huru, sasa nasujudu kama kawaida. Kinyozi nimemwonyesha kovu, anapita polepole, na mashine yake haina shida. Uwanja wa ndege nina kadi, naionyesha, sisimami kwenye lango kupiga stori. Sumaku za friji nakaa nazo mbali. MRI, kile kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa, zamani ilikuwa haramu kabisa kwa wenye RNS, modeli hii mpya imeruhusiwa tangu 2020 kwa masharti.

#16 mtazamaji_tu

Sasa mkuu, umepona?

#17 KumbukumbuFupi

Sijapona. Wenye RNS waliofuatiliwa miaka 9, nusu yao matukio ya kifafa yalipungua kwa asilimia 75 au zaidi. Mwaka wa kwanza ilikuwa asilimia 44 tu, kinapanda taratibu, hakuna anayejua sawasawa kwa nini. Kila unapofunguliwa kichwa, maambukizi yanampata kama mtu 4 katika 100. Mimi kuanguka kwenyewe mara ya mwisho ni miezi kumi na nne. Kupotea bado, ila kutoka zile 47 za miezi mitatu sasa ni 9 au 10. Dawa bado nameza zote mbili. Gari bado sina.

#18 Mama Vero

Kaka nimerudi, samahani nilikaa kimya, tulikuwa safarini. Nilifanya ulivyosema, video nne. Moja yumo anakula ugali, kijiko kimesimama hewani. Daktari akaitazama mara mbili, akachana kikaratasi chembamba, akamwambia mwanangu ashike mbele ya mdomo apulize kama mshumaa, asipumzike, eti kupumua hivyo mfululizo huita kule kukodoa. Akahesabu kwa saa ya ukutani. Dakika ya tatu haijaisha mtoto akakodoa, karatasi mkononi, hapo hapo mbele yetu. Nililia. Daktari yeye alikuwa anatabasamu, akasema mama, huu ndio ushahidi. Kisha kipimo cha umeme wa ubongo siku ya pili, na dawa amebadilisha, ile ya zamani tunaipunguza kidogo kidogo.

Nimeipeleka video shuleni pia. Mwalimu mkuu kaitazama kimya, kaniomba nimtumie.

#19 Nesi wa Zamu

Mama Vero!!! Kikaratasi!

#20 KumbukumbuFupi

Kikaratasi. Mimi nimetobolewa fuvu.

Nimefurahi mpaka nimemwamsha dada. Endelea kuandika tarehe, mama, kwenye daftari moja, si kwenye vipande. Ngalawa, usisahau jalada la babu.

Nimetoka kuweka kifimbo, inaonyesha imepokea. Leo sumaku mara moja, saa nane mchana, kapitisha dada.